Kiganja Changu na Pawa Saplai ya Enelesi

Vijana, mnanipigia simu kana kwamba nimekaa huku Ruanda, kijijini kwetu Mbozi, nasubiri kuulizwa. "Shikamoo Fundi, nimepata prosesa mpya, inakula ram gani? Pawa saplai ya wati ngapi?" Marahaba. Ni kweli nasubiri kuulizwa, maana kazi nyingine sina. Kahawa yangu wanachuma watu wengine, macho hayaoni tena pini za soketi, na mke wa kubishana naye simpati tena. Ila leo sitajibu kwa simu. Naandika, ili mkisema huko mjini kwamba Fundi Kiganja ndiye aliyewafundisha kazi, mjue mnamtaja mtu wa namna gani.

Hilo jina la Kiganja ndilo lililonimaliza. Nilikuwa fundi wa kompyuta Tunduma kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, nikasifiwa pande zote mbili za mpaka, na kwa kiganja hiki hiki nikapoteza picha za harusi na misiba za karibu nusu ya watu wa Mbozi. Picha zilikuwa za Enelesi, mpiga picha wa Vwawa. Alinikabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa heshima. Moja katika hizo ilikuwa ya nyumbani kwangu. Hiyo nitaifikia mwishoni, kwa sababu nikianza nayo sitaandika kingine.

Kupima kwa kiganja nilifundishwa na Ba Mulenga (hilo Ba kwao ni la heshima, kwa mume hata kwa mke), Mzambia wa Nakonde, fundi wa redio aliyehamia kwenye kompyuta zilipoanza kuingia. Kifaa cha kupimia umeme hakuwa nacho. Alikuwa na bisibisi tatu, brashi ya kupakia rangi na mkono wake. Siku yangu ya kwanza alinipa pawa saplai mbili, vile visanduku vya kulisha kompyuta umeme, moja kila mkono, akaniamuru nifumbe macho.

"Ipi nzuri?"

"Sijui, Ba Mulenga."

"Awe, we mwaiche," yaani hapana, we mtoto, "mkono unajua. Kichwa ndicho kinakuchelewesha."

Nzito ndiyo nzuri, alisema. Ndani ya nzito kuna shaba ya kutosha kwenye koili, kuna vipande vinene vya aluminiamu vya kupoza joto, kuna kapasita za maana, vile vikopo vya kutunza umeme. Nyepesi imepunjwa. Stika ya wati mia tano mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapisha anaweza kuitengeneza, lakini shaba haichapishwi. Hayo maneno ya mwisho niliyarudia maisha yangu yote, na kwa miaka ile mzee alikuwa sahihi, msije mkamcheka marehemu. Pawa saplai alizozikataa kwa mkono nilizifungua baadaye kwa udadisi, na kila mara nilikuta ndani kumejaa hewa.

Nikaushika huo ufundi mpaka ukawa ugonjwa. Nilipima kila kitu. Tukienda sokoni na mke wangu, Mama Tabia, nilinyanyua kabichi mbili na kufumba macho, naye anamwambia muuzaji, "Mwache, anatafuta yenye wati nyingi." Halafu anacheka. Mama Tabia alikuwa anacheka kwa mwili mzima, kichwa nyuma, kinywa wazi, sauti inafika nyumba ya tatu na watu wanatoka kuuliza kuna nini. Nakiandika hapa hicho kicheko kwa sababu hakuna mahali pengine kilipobaki.

Msidhani nilikuwa mjinga wa kila kitu. Nilikuwa mjinga kwa zamu. Zamani pawa saplai zilikuwa na kitufe chekundu nyuma, upande mmoja 115, upande wa pili 230, na mashine zilizotoka ng'ambo nyingi zilikuja zimewekwa 115. Nikamwashia wakala mmoja wa forodha mashine yake mbele ya wateja bila kutazama kitufe. Ikalia pwaa, moshi ukatoka, na wateja wote wakalala chini, kwani Tunduma mlio wa namna ile kila mtu anautafsiri kwa makosa yake. Wakala peke yake ndiye aliyebaki amesimama, kikombe cha chai mkononi, ananitazama. Tulicheka wiki nzima. Kosa la kitufe lilikuwa kosa la kistaarabu: linapiga kelele papo hapo, linaua kitu kimoja, na hulirudii. Yako makosa mengine yanayokaa kimya na kukuachia usifiwe kwanza.

Ram nayo ilinitia adabu, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndiyo mnayoiulizia sana. Mkipata prosesa mpya msianze na ukubwa wa ram. Anzeni na kizazi chake. DDR4 na DDR5 urefu ni ule ule, ukizilaza mezani utasema mapacha, lakini ule mkato mdogo wa chini haukai sehemu moja. Kuna prosesa zinazotaka DDR5 tu. Kuna zinazokubali zote mbili, lakini hapo bodi, ile inayovibeba vyote, ndiyo inayoamua, na bodi iliyotengenezewa DDR4 haitapokea nyingine hata uifungie maombi. Nimemwona fundi mzima na akili zake akikandamiza kwa vidole gumba mpaka bodi ikapinda. Ram ikikataa kuingia, itoe uisome.

Nunueni mbili za paketi moja. Si moja leo na nyingine mwakani, kwa sababu hata zikifanana jina zinaweza zisielewane. Bodi ikiwa na nafasi nne, nyingi zinataka uanze na ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na kabla hujatoa hela, fungua kwenye simu orodha ya aliyetengeneza bodi, utazame kama ram hiyo imo na kama bodi inaitambua hiyo prosesa. Bodi iliyotoka kiwandani kabla ya prosesa kuzaliwa inaweza kukutazama tu, mpaka uiongezee programu yake ya ndani.

Haya sikuyajua kwa kuzaliwa nayo. DDR5 yangu ya kwanza nilimfungia mzee mmoja mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Saza, aliyetaka kompyuta ya kuangalia kamera zake. Nikawasha. Feni zinazunguka, kioo cheusi. Nikazima, nikawasha tena. Cheusi. Nikabeba ram nikapanda gari mpaka Mbeya, nikabadilishiwa, nikarudi Saza: cheusi. Nikaenda Mbeya mara ya pili, muuzaji ananiona kwa mbali anaanza kuvaa sura ya msiba. Niliporudi nimechoka kabisa, nikawasha, nikaiacha hivyo hivyo nikatoka nje kula mihogo. Narudi, mashine imewaka inanisubiri. Kumbe DDR5 ikifungwa mara ya kwanza inapatana na prosesa kwa dakika kadhaa kabla haijaonyesha kitu chochote, na mimi kila safari nilikuwa naikata katikati ya mazungumzo.

"Fundi," yule mzee akaniambia, "hata wali huwa tunauacha uive."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na aibu ile ilinisaidia, kwa sababu tangu siku hiyo kwenye ram sikuamini mkono wala uzoefu. Nilikuwa nasoma. Nilipozeeka nikawa fundi anayesoma kuhusu ram na anayefumba macho kuhusu pawa saplai. Kwenye ram niliaibika, kwa hiyo nikajifunza. Kwenye pawa saplai nilikuwa nasifiwa, kwa hiyo nikabaki pale pale aliponiacha Ba Mulenga.

Enelesi ndiye aliyelipa.

Studio yake ilikuwa karibu na soko la Vwawa, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha maharusi. Alirithi kazi kwa baba yake, akarithi na picha, zile za filamu akazihamishia kwenye kompyuta moja moja kwa mkono. Hakuna familia ya milimani kule ambayo haikuwa na kitu kwake. Na si harusi tu. Kwetu huku marehemu haendi kaburini bila sura yake kutangulia. Mtu akifariki asubuhi, mchana ndugu wako mlangoni kwa Enelesi: tunaomba picha ya baba, ile aliyopiga kwenye kipaimara cha mdogo wetu. Anaitafuta, anaikata, anaikuza, anaiwekea fremu, na mjukuu anaibeba mbele ya jeneza. Wengi hawakuwa na nakala nyumbani. Kwa nini wawe nayo? Enelesi yupo.

Akaja Tunduma na prosesa mpya kwenye boksi, kaka yake amemletea kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo Baba. Video ya harusi moja inanichukua siku nzima kuiunganisha. Maharusi wananipigia simu mimi kuliko wanavyopigiana wao."

Nikamwambia amefika. Ram nilimchagulia kwa muda wa siku tatu. Nilisoma orodha, nilipiga simu Mbeya, nilikataa zilizokuwa karibu na kuagiza zilizo sahihi. Hata leo sina la kujilaumu kwenye ram ya Enelesi.

Alikuwa na diski mbili. Moja ndani ya kompyuta yake ya zamani, nyingine ya nje, aliyoifunga kwa kitenge na kuifungia kabatini. Kila Jumapili akitoka ibadani aliifungua, anahamishia kazi za wiki, anairudisha kabatini. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilibuni kwa sababu aliogopa, na woga wake ulikuwa na akili kuliko ufundi wangu.

"Diski ya nje inaanguka, mwanangu," nikamwambia. "Inaibiwa, inaingia vumbi. Nitaifungua niziweke zote ndani, ziwe zinanakiliana zenyewe."

Alisita. "Zote mbili, Baba? Sanduku moja?"

"Nafanya kazi hii tangu hujazaliwa."

Vijana, mkijisikia mnataka kumwambia mteja sentensi hiyo, wekeni bisibisi chini mwende nyumbani. Nakala mbili zinazokula umeme wa pawa saplai moja ni nakala moja. Yeye aliliona hilo bila kusomea. Mimi nilimnyamazisha, naye kwa adabu akanyamaza, kwa sababu huku kwetu mtoto wa watu habishani na mtu aliyemwita Baba.

Tukaenda pamoja kununua pawa saplai, duka la mama mmoja wa Nakonde aliyekuwa na meza upande wetu, Ba Chanda. Wati nilishapiga hesabu vizuri: chakula cha prosesa, chakula cha kadi ya picha, diski, feni, na nafasi ya kutosha juu yake, kwa sababu prosesa hizi mpya zikishtuka zinavuta kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Ba Chanda akatoa mbili zilizotosha. Moja ya kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka, nyepesi kidogo. Nyingine ina jina ambalo sijalisikia kabla wala baadaye, stika ya rangi ya dhahabu, wati nyingi zaidi, nzito.

"Awe, ba fundi," Ba Chanda akasema nilipoigusa ile nzito. "Chukueni hiyo nyingine, mukwai, tafadhali. Hiyo watu wawili wamenirudishia."

Hebu fikirini. Muuza duka mwenyewe ananikataza. Lakini tayari watu walishaanza kusogea, mmoja anamwambia mwenzake, "Njoo uone, Kiganja anapima." Nikafumba macho. Nikanyanyua moja kulia na moja kushoto, nikachezesha mikono juu chini kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Nikatoa hukumu.

"Hii. Shaba haichapishwi."

Wakapiga makofi. Enelesi alitabasamu, na nilimwona akishusha pumzi kwa sababu mambo yake yamefika kwa mtu anayejua.

Siku ile sikugeuza stika nisome mstari wa volti kumi na mbili, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi. Ile namba kubwa ya wino mnene ni mapambo. Sikutafuta jina lake mtandaoni nione kama yuko mtu aliyewahi kuifungua. Sikujiuliza swali ambalo sasa nawataka mlijue kuliko yote: hii ikifa, itakufa peke yake au itakufa na wenzake? Pawa saplai nzuri ina kinga ndani, umeme ukipanda inajizima. Hicho ndicho mnachonunua. Wati zinafuata.

Nikaifunga mashine. Ilipowashwa, kazi ya siku nzima ilimalizika kabla chai haijapoa. Enelesi alinitumia jogoo na barua ya shukrani. Msimu wa kahawa ukaisha, watu wakapata hela, harusi zikaanza kila Jumamosi, na jina langu likatajwa Vwawa hadi na watu wasiojua kompyuta ni nini.

Ikawa Jumanne moja saa saba mchana. Umeme wa Vwawa ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Simu yangu ikalia.

"Baba, kumelia. Na kunanuka."

Nilifika nikiwa bado na imani. Nikatoa pawa saplai, nikaweka nyingine niliyokwenda nayo. Bodi haikusema kitu. Nikazichomoa diski, nikazijaribu kwenye kompyuta ya jirani, moja baada ya nyingine. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikainusa ya pili. Harufu ni ile ile, na nyuma, kwenye bodi yake ndogo, palikuwa na alama nyeusi kubwa kama punje ya ulezi. Volti kumi na mbili zilipanda na hapakuwa na kitu cha kuzizuia. Zikapita kwenye kila kilichofungwa kwenye waya ule.

Enelesi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nadhani mgongo wangu ulishamwambia.

Ndipo nikaifungua ile pawa saplai, kitu ambacho ningekifanya Tunduma kwa dakika tano kama ningekuwa na akili. Kapasita ndogo za kutia huruma. Koili nyembamba. Kwenye bodi yake kulikuwa na sehemu zimechorwa tayari kwa ajili ya vifaa vya kinga, matundu yako wazi, hakuna kilichowekwa. Na chini, kimegandishwa kwa gundi nyeusi, kulikuwa na kipande cha chuma. Chuma kitupu, hakiunganishwi na waya wowote, ukubwa wa kiganja. Kimekatwa vizuri, pembe zimesuguliwa, kimepakwa rangi.

Nilikaa chini. Mtu fulani huko mbali, ambaye hajawahi kufika Tunduma, alijua kwamba duniani wapo watu kama mimi wanaopima kwa mkono. Akaketi akanitengenezea. Ujuzi wote wa Ba Mulenga, miaka yangu yote, wao waliujibu kwa kipande cha chuma na gundi.

"Hicho ndicho ulichokuwa unapima?" Enelesi akauliza.

"Ndicho."

Akakishika, akakinyanyua mara moja, akakirudisha mezani taratibu. Halafu akatoka nje kwenda kuzungumza na mama mmoja aliyekuwa anasubiri video ya mwanawe.

Ram zilipona. Nilizijaribu baadaye, zote mbili zinafanya kazi mpaka kesho.

Diski nilizipeleka mwenyewe Dar es Salaam kwa fundi anayefufua vitu hivyo, nimezipakata safari nzima. Akazibadilishia bodi. Moja ilizunguka, ikagonga gonga ndani, ikasimama. Nyingine haikuzunguka kabisa. Akaniambia kwa upole, mzee rudi nyumbani. Nilirudi nikamwambia Enelesi barazani kwake, na alichosema ni kwamba nimechoka, nikae, aniletee maji. Afadhali angenitukana. Mwanamke yule hakuwahi kunitukana, na mimi nimebaki na tusi lake ambalo halikutolewa, naligeuza geuza kila siku.

Kisha watu wakaanza kufa kama kawaida yao. Ndugu wanafika kwa Enelesi mchana, wanatajiwa kilichotokea, wanarudi mikono mitupu. Niliona kwa macho yangu jeneza la mzee wa kanisa limetanguliwa na fremu yenye picha iliyokatwa kutoka kwenye kundi la watu, sikio la mtu mwingine bado liko begani kwake. Kila msiba nilioenda nilikaa nyuma. Nilifunga duka la Tunduma, nikasema nimestaafu. Uongo. Sikuweza tena kuitwa lile jina mbele za watu.

Sasa ya nyumbani kwangu.

Mama Tabia alikuwa hapendi kamera. Akiiona anafunika uso kwa khanga, au anasimama nyuma ya mtu mnene. Ila siku ya harusi ya mwanetu Tabia, mjomba wa bwana harusi alikanyaga keki wakati wa kucheza, na Mama Tabia akacheka vile anavyocheka, na Enelesi alikuwa mbele yake. Akamwonyesha kwenye kamera.

"Futa hiyo, mwanangu. Kinywa kama pango."

"Mama, hii nitaikuza. Ukinikataza naikuza hivyo hivyo."

Alijifanya kukasirika. Lakini usiku mmoja, miezi mingi baadaye, aliniuliza kama tukipiga lipu sebule tunaweza kuichukua ile picha tukaitundika. Nikamwambia mwakani. Haina miguu, nikasema, iko kwa Enelesi.

Mtaniamini nikisema kwamba siku ile Vwawa, na siku zote za Dar, sikuikumbuka? Nilikuwa naomboleza picha za watu.

Alifariki mwaka jana, miezi ya baridi. Presha, siku mbili hospitali, basi. Watoto wakafika, na asubuhi Tabia akaniambia, "Baba, tukachukue ile ya harusi yangu. Ile anacheka." Nikamtazama. Aliona usoni kwangu, akaweka mkono mdomoni. Tukatafuta kwenye simu za wote. Kila mahali amefunika uso, au ni bega lake, au ni khanga yake nyuma ya mtu mnene. Mwisho tukatumia picha ya kitambulisho chake. Siku ya kuipiga walimwambia asicheke, atazame mbele, na yeye aliogopa mashine ile, kwa hiyo macho yamemtoka na midomo ameibana. Ukimtazama utasema ni mwanamke aliyekamatwa. Tukamkuza hivyo, tukambeba hivyo, akatangulia hivyo mbele ya jeneza lake mwenyewe.

Enelesi alikuja. Studio alishaifunga, siku hizi anapiga picha za pasipoti kwenye duka la vifaa vya shule. Alikaa jikoni na wanawake, akachambua mchele, akaosha vyombo. Siku ya kuondoka akanifuata kwenye turubai.

"Baba, nimetafuta. Kila flashi, kila kadi ya zamani, hata zilizovunjika. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Mpaka leo sijamjibu.

Kipande cha chuma kiko hapa mezani ninapoandikia. Ninaambiwa Tunduma bado kuna mafundi wanaofumba macho na kunyanyua, na wakiulizwa wanasema ndivyo alivyofundisha Kiganja. Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia, ana furaha, "Fundi, nimeipima, nzito safi." Nikamwambia afungue. Akacheka, akadhani namtania. Ndiyo maana naandika, ingawa sina imani kubwa kwamba mtu anayesifiwa atasoma.

Mwezi uliopita Tabia alikuja kutoka Dodoma na binti yake wa miaka minne, ambaye alimwona bibi yake mara mbili tu, akiwa mgongoni. Mtoto alisimama sebuleni chini ya ile picha ya kitambulisho, akaitazama muda mrefu.

"Babu, bibi alikuwa mkali?"

"Hapana. Bibi yako alikuwa anacheka kuliko watu wote wa Ruanda."

"Mbona hapa hacheki?"

Nilitafuta kitu cha kumwonyesha, sikukiona. Basi nikasimama nijaribu mwenyewe. Nikarudisha kichwa nyuma, nikafungua kinywa, nikacheka kwa sauti kama alivyokuwa akifanya yeye. Mtoto alinitazama, akarudi nyuma hatua moja, kisha akakimbilia kwa mama yake.